Tepu Yenye Huruma

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bosi kaamka kabla ya jua na kuitisha kikao. Bosi ni mwanangu. Miezi minane, meno mawili, hana kazi lakini amri anatoa. Nimenyonyesha nikiwa nimesimama, nimechana nywele upande mmoja, nimefika kazini na blauzi nimeivaa ndani nje. Shangazi akaniambia mishono inaonekana. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa.

Shangazi ni wa mume wangu, na ndiye mwenye duka la ushonaji. Chumba cha mbele kina dirisha kubwa, meza ya kukatia na cherehani mbili. Chumba cha nyuma kina pasi, mvuke na mimi. Bosi analala kwenye kapu pembeni ya meza ya pasi. Mgongo wake umejaa vipele vya joto. Kila nikimvua fulana roho inaniuma.

Leo Shangazi katangaza kwamba magoti yake yamegoma. Kuinama na kuinuka kupima wateja basi. Anataka mtu wa kukaa kiti cha dirishani, apokee wateja, apime, aandike kwenye daftari la vipimo.

Kiti cha dirishani! Upepo! Kapu la Bosi linaenea pale chini kabisa, nimeshalipimia kwa macho mara mia.

Nikafungua mdomo. Wifi akawahi. Wifi ni dada wa mume wangu, ndiye mkataji. Mrefu, mwembamba bila jitihada yoyote, anatembea kwa hatua ndogondogo za maringo kama sakafu si hadhi yake. Akasema yeye ni damu ya Shangazi. Nikasema mimi nimeolewa kwa hiari yangu, hiyo nayo ihesabiwe. Shangazi akasema yeye ndiye mwenye funguo, tunyamaze.

Kaamua hivi. Kesho wanakuja walimu kumi na mmoja, wote wanawake, wa shule ya mtaa wa pili. Wanataka gauni za zambarau zinazofanana kwa ajili ya siku ya kuwapa wanafunzi zawadi, Jumamosi ya tarehe 15. Mimi nitapima, Wifi atakata, Shangazi atashona. Walimu wakiridhika, kiti changu. Vipimo vikileta fujo, kiti cha Wifi, mimi nirudi kwenye mvuke.

Jioni nikamkuta Bosi anatafuna tepu ya kupimia. Nikafungua droo ya cherehani ya zamani, nikapata tepu nyingine, ya kitambaa, imefifia rangi. Nikajipima kiuno kwa udadisi tu.

84! Wiki iliyopita 90!

Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimejipima tena asubuhi. 84. Kwa furaha nikapima na meza ya kukatia. Meza nayo imepungua sentimita sita.

Nikakaa chini.

Tepu imevutika. Mwanzoni iko sawa, lakini baada ya 60 imelegea, kwa sababu hapo ndipo imevutwa viunoni mwa watu miaka yote. Kiuno kizima cha mtu mzima kinapata zawadi ya sentimita sita. Nikaivua shingoni nikaitupa kwenye droo. Nikaichukua ile iliyotafunwa. Nilikuwa na nia safi kabisa. Naliandika hili ili lijulikane.

Saa nne walimu wakaingia kama darasa, Mwalimu Mkuu mbele. Mwanamke mkubwa, sauti kubwa, mkoba mkubwa. Nikampima kiuno. 112. Hapa dukani kipimo husomwa kwa sauti ili aliyeketi mezani aandike. Ndivyo Shangazi alivyotufundisha. Basi nikasoma kwa sauti.

Hata cherehani ilisimama. Mwalimu Mkuu akashusha mikono polepole. Akasema nyumbani kwake tepu inasema 104. Akasema tepu yangu ni mbovu. Akafunga mkoba, akawaambia wenzake kuna fundi mwingine ng'ambo ya barabara.

Nikamwona Wifi anatabasamu kwa pembe ya mdomo. Nikaona mvuke. Nikaona mgongo wa mwanangu.

Nikasema jamani Mwalimu, samahani sana, tepu hii ni kweli mbovu, mtoto kaitafuna, tazama meno haya. Nikakimbilia droo. Nikampima upya. 106! Mwalimu Mkuu akacheka, akanipiga begani, akasema sasa hiyo ndiyo tepu. Walimu wote wakapanga mstari wenyewe.

Walibana pumzi, kila mmoja wao. Lakini hilo nimelipatia dawa: nawauliza habari za mama mkwe. Hakuna mwanamke duniani anayeweza kumzungumzia mama mkwe huku amebana tumbo.

Wa mwisho alikuwa mwalimu mdogo wanayemwita Njiti. Ni mwembamba kama kijiti cha kiberiti, ndiyo maana. Akainama sikioni akaniomba nimwandikie zaidi kidogo. Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nilifika mapema nikarekebisha daftari. Kila mwalimu nikamwongezea sita. Hivyo mdomo umesema la kufurahisha na daftari linasema la kweli. Hakuna aliyeumia. Nilisoma mpaka kidato cha nne tu, lakini kwa kujumlisha sijambo.

Shangazi alipopita akaitazama ile tepu shingoni mwangu. Akapita zake. Wifi naye akaitazama. Akarudi mezani kwake. Wivu!

Sifa zimeenea. Wanawake watano wameingia kupimwa tu, hawana hata kitambaa. Mama mmoja kaja mara mbili, kabla ya chakula cha mchana na baada. Akasema anataka kuona kama kimemwathiri. Nikamwambia hakijamwathiri. Akaniombea dua.

Nyumbani Baba Bosi kaikuta tepu mkobani, kajipima, kajitazama kwenye kioo ubavuubavu. Kisha kajiongezea wali. Kasema sasa ana nafasi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Wifi anakata akiwa amefunga mlango. Nikachungulia kwenye tundu la kitasa. Anaangalia daftari, anatikisa kichwa, anaandika kitu kiganjani, ndipo anachora kwa chaki. Ana njama huyu. Nikamfichia chaki ya bluu. Akatumia nyeupe. Nikaificha nyeupe. Akamwambia Shangazi kuna panya wanaokula chaki dukani. Shangazi akasema panya huyo amejipaka unga wa bluu puani.

Nikanawa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Shangazi anamalizia kushona. Nimezining'iniza gauni zote kumi na moja ukutani. Zinaonekana kubwa. Lakini gauni likining'inia huonekana kubwa siku zote. Jambo linalojulikana.

Bosi ana jino la tatu. Kanionyesha kwa kuning'ata.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Asubuhi nilikuwa peke yangu dukani. Shetani akaniambia jaribu moja. Nikachukua la mwalimu wa michezo, mwanamke anayekimbia kila siku na ana kiuno cha kuchorwa. Nikasema nitaingiza mkono mmoja tu nione rangi.

Likaingia lote. Zipu ikapanda mpaka juu bila kuomba msaada!

Nilicheza. Nilizunguka meza mara tatu. Nikamwambia Bosi, unamwona mama yako? Mwanamichezo! Bosi akanikazia macho kwa ule uso wake wa mkaguzi. Nikasimama. Nikafikiri. Mimi 90, yeye sijui kama anafika 80.

Nikavaa la Mwalimu Mkuu. Nikamchukua Bosi nikaingia naye. Tulienea wote wawili na tukabakiza nafasi ya mgeni.

Nikapima kwa tepu iliyotafunwa. 124. Daftarini niliandika 112! Hizi kumi na mbili zimetoka wapi? Wifi! Kaniharibia makusudi. Sasa nitaenda kwa Shangazi kusema nini? Kwamba gauni halifanani na daftari, na daftari halifanani na nilichosoma kwa sauti mbele ya watu?

Nimeamua. Kesho nitawaambia ni mtindo mpya. Mpana. Wa upepo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na nzuri.

Walimu wamekuja saa nane kujaribu. Wakaingia nyuma ya pazia, wakatoka mmoja mmoja, zambarau tupu, kama mahema yanayotembea. Nikafungua mdomo niseme habari ya mtindo wa upepo. Mwalimu Mkuu akakamata kitambaa cha kiunoni, ngumi moja kulia, ngumi moja kushoto, akajitazama kwenye kioo. Halafu akapiga kelele. Wiki moja tu! Kaacha sukari kwenye chai wiki moja tu!

Loo! Kila mtu akajikamata. Wakapigiana makofi. Mmoja akalia kwa furaha. Mwingine akasema yeye hata chai hajaacha, mwili wenyewe tu umeamua kuwa na heshima. Wakaanza kusifu duka. Mwalimu Mkuu akasema ataleta na walimu wa shule nyingine. Wifi alikuwa amesimama mdomo wazi, nzi angeingia na kutoka.

Nilikuwa nimeshinda. Nilichotakiwa ni kukaa kimya tu. Nilishaanza kupanga kapu litaelekea upande gani.

Ndipo nikasikia mtu anapenga kamasi nyuma ya pazia. Nikaingia. Njiti, kakaa kwenye kiti kidogo, gauni limemmeza. Kama nguo iliyosahauliwa kwenye hanga. Akaniambia taratibu. Tangu mwaka jana anakula mayai mawili kila asubuhi na uji wa maziwa kila jioni. Mama yake akimtembelea humtazama kiuno kabla ya kumsalimia. Watu humwuliza kama anaumwa, tena mbele za watu. Alidhani ameanza kujaa. Alisubiri gauni hili limwambie. Akanionyesha kitambaa kilivyoning'inia. Akasema, dada, nimekwisha.

Nilimtazama mtoto wa watu. Nje kumi wanacheka kwa sababu yangu, ndani mmoja analia kwa sababu hiyohiyo. Nikisema, kiti basi. Nisiposema, huyu atakwenda nyumbani akaache hata yale mayai.

Nikapata njia ya katikati. Nimwambie yeye peke yake, kwa kunong'ona. Nikainama. Nikamnong'oneza kwamba si mwili wake, ni tepu, imelegea, nami nikaongeza daftarini, na kwenye kukata kukaongezwa tena.

Njiti akanyanyuka, uso umeng'aa kama taa. Akasema kwa sauti ya darasani, ile ya kufika mpaka dawati la nyuma: Kumbe tepu ndiyo mbovu?

Vicheko vikakatika.

Nikatoka nyuma ya pazia. Mwalimu Mkuu, bado kashika ngumi zake mbili za kitambaa, akaniuliza polepole yeye ni ngapi hasa. Nikasema. 112. Akaketi. Akaachia kitambaa. Sijawahi kuona mwanamke mkubwa vile akiwa mdogo vile. Nilitamani sakafu inimeze mimi na kapu langu.

Nikasema mengine yote. Sita za tepu, sita zangu za daftari, na kwamba hizo nyingine ni za Wifi aliyeniharibia. Wifi akaruka! Akasema hajaharibu, ameokoa! Aliiona tepu shingoni mwangu, akajua imelegea, akaongeza sita wakati wa kukata ili kitambaa cha Shangazi kisipotee. Alinyamaza kwa sababu alitaka kuja kumwambia Shangazi baada ya kazi kwamba yeye ndiye aliyeliokoa duka. Kwa hiyo nani kaongeza sita za mwisho?

Cherehani ikanyamaza. Sote tukageuka.

Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema tepu ile ilikuwa ya mama yake. Imelegea tangu hatujazaliwa. Yeye aliipimia wateja miaka ishirini, na alikuwa anakatia hiyohiyo, ndiyo maana nguo zilikaa. Aliponiona nayo, na kumwona Wifi anakatia tepu mpya, akashona mishono myembamba ili arudishe sita. Hakusema kwa sababu alitaka kuona ni nani kati yetu atakayekuwa na akili ya kuuliza. Akasema na yeye angeweza kuuliza.

Mwalimu Mkuu akageuza daftari, akajumlisha kwa nyuma. Alifundisha hesabu kabla ya kuwa mkuu. Zile sita za tepu, nilizozirudisha daftarini. Sita za Wifi. Sita za Shangazi. Akamtazama Shangazi, akamwuliza gauni la kijani alilokuja amelivaa leo, aliloshonewa hapahapa dukani, lile alilolipenda kuliko yote, lilipimwa kwa tepu ipi. Shangazi akasema hiyohiyo.

Mabega ya Mwalimu Mkuu yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Akacheka mpaka akajishika mbavu, na ndani ya gauni lile mbavu zilikuwa mbali. Akasema miaka yote amekuwa akitembea na 112 akidhani ni 104, na hakuna aliyekufa, na gauni limekaa vizuri. Akasema punguzeni haya mahema, anataka kukaa na kupumua. Kisha akaninyooshea kidole. Lakini kwenye daftari, mama, iandikwe 106.

Nikaandika.

Njiti nikampima kwa tepu iliyotafunwa. Sikumwuliza habari za mama mkwe, hana. 62. Shangazi akafunua daftari la mwaka jana. 59. Tatu! Njiti kajiziba mdomo kwa mikono miwili. Wenzake wakampigia makofi kama amefunga goli. Mwalimu Mkuu akasema hizo tatu zitoshe kumnyamazisha kila anayemwuliza kama anaumwa.

Hakuna aliyetaja kiti. Nami sikuthubutu kukitazama.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Gauni kumi na moja, zote kufumua na kupunguza. Mimi na Wifi tumekaa chini bega kwa bega, nyembe na sindano, Bosi katikati anakula nyuzi.

Kufika mchana Wifi akavua viatu kwa siri chini ya kitambaa. Niliona. Vidole vimekunjamana, vyekundu, kimoja kimefungwa plasta. Nikamwuliza. Akataka kukasirika, akachoka. Akasema miguu yake ni namba 42. Hununua 40. Dukani akiambiwa 42 anaona kama watu wote wanageuka. Amevaa hivyo tangu shule.

Miaka mitatu nimechukia ule mwendo! Nilidhani ni maringo, kumbe ni maumivu!

Nikamwambia, wifi yangu, wewe ni mrefu, ulitaka usimamie nini? Akacheka. Akasema na wewe ulitaka mtoto atoke kiuno kibaki kama cha msichana? Nikamwambia hayo ni mambo mengine kabisa.

Nikamletea maji ya uvuguvugu kwenye beseni la Bosi. Nikamrudishia na chaki zake.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Tulienda shuleni kutazama, tukasimama nyuma. Walimu wakaingia ukumbini mstari mmoja. Zambarau imekaa kiunoni, imekaa mabegani, kila mtu na mwili wake. Mwalimu Mkuu alipopanda jukwaani wanafunzi wakashangilia wenyewe bila kuambiwa. Akajigeuza kidogo tuone mgongo. Njiti alipotoa zawadi, mama yake alikuwa mstari wa mbele. Safari hii alimtazama uso kwanza. Kisha kiuno. Lakini uso kwanza.

Tukitoka, Shangazi akaniambia Jumatatu nihamishe kapu. Nikauliza lipi. Akasema una makapu mangapi? Akasema nilidanganya kama mtoto, lakini mtu aliyekuwa analia nilimwona mimi, na wao wengine wote walikuwa wanatazama gauni. Kanipa masharti: tepu moja dukani, ya kupimia na ya kukatia, na asiyejua aulize. Ile ya mama yake kaenda nayo nyumbani. Wifi kapewa meza ndefu na kiti cha kukatia akiwa amekaa. Kakubali haraka sana.

Shangazi kanizawadia kipande cha zambarau kilichobaki. Kinatosha gauni.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Siku ya kwanza dirishani. Upepo! Bosi kalala saa mbili mfululizo, mgongo umeanza kukauka. Nimejikuta nakunywa chai ikiwa ya moto. Nilikuwa nimesahau inavyokuwa.

Mteja wa kwanza, msichana anayeolewa mwezi ujao. Nikampima, nikamtajia kwa sauti ya chini, yeye peke yake. Akasema nisiandike hiyo. Nimpunguzie sentimita nane, kwa sababu siku ya harusi atakuwa amezipunguza. Nikamkatalia. Kwa upole, lakini nikamkatalia. Nikamwambia, binti yangu, nguo hukatiwa mwili uliokuja nao dukani, si ule uliouacha njiani wala ule unaoutarajia. Mwili huu ndio utakaoolewa. Akafuta machozi, akakubali. Nikamwachia kitambaa cha akiba ndani ya mshono kwa vyovyote itakavyokuwa. Shangazi akaitikia kwa kichwa kutoka kwenye cherehani. Nilijisikia kama jaji.

Mchana Wifi kanipima kwa ajili ya lile gauni langu la zambarau. 90. Nimemwambia akate 82.

Kaniuliza kwa nini. Nimemwambia hali yangu ni tofauti na ya yule msichana. Yule alikuwa anaota. Mimi nina mpango. Kuanzia mwezi huu, kufikia mwezi ujao nitakuwa pale. Na ili nisijilegeze, nimemwambia asiache akiba yoyote ndani ya mshono. Hata nusu sentimita. Aipunguze yote.

Kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nimemwambia kata, wifi, kata.

Kakata.

Kesho naanza. Kesho kutwa, maana Mwalimu Mkuu katuletea kopo zima la biskuti, na kumkatalia mtu mzima zawadi si adabu.